Msamvu kati ya miji miwili: hesabu ya njia ya mabadiliko ya uchumi

Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya wanachama wa Chama, wafanyabiashara na wanafunzi, hapa Msamvu, Morogoro.



Mlinitaka nizungumze juu ya namna mabadiliko ya uchumi katika mji mmoja yanavyosafiri hadi mji mwingine, na juu ya hesabu ambazo wataalamu huzitumia kuyatabiri. Najua kwamba neno "hesabu" huwafanya wengi wetu kuanza kuangalia mlango ulipo. Naomba mnivumilie. Sidhani kama yapo mahali pengi katika nchi hii penye haki ya kulizungumza somo hili kuliko Msamvu. Hapa ndipo barabara itokayo bandarini Dar es Salaam inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Dodoma na kuendelea hadi Mwanza, Rwanda na Burundi, mkono wa pili unakwenda Iringa na Mbeya, na kutoka hapo Zambia na Kongo. Mtu akikaa hapa kutwa nzima akahesabu malori, atakuwa ameupima mpigo wa moyo wa uchumi wa nchi kadhaa.

Lakini swali la mwananchi wa Morogoro si malori mangapi yamepita. Swali lake ni: mali yote hii ipitayo mbele ya macho yetu, inatuachia nini? Tangu mwezi Juni 2024 treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma, swali hili limekuwa kali zaidi. Safari iliyokuwa inakula saa nne kwa basi sasa haifiki saa mbili. Wako wanaosema kwamba Morogoro imeokoka. Wako wanaosema kwamba Morogoro imekwisha, kwa kuwa abiria atapita bila hata kununua kikombe cha chai. Mimi nasema kwamba wote wawili wanasema kabla ya kupiga hesabu.

Njia ilivyoleta mji

Mji huu umezaliwa na njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima hii, na ngome ya Kisabengo, iliyojulikana kama Simbamwene, ilisimama kando ya njia hiyo. Stanley aliiona mwaka 1871. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Reli ile haikujengwa kwa ajili ya Mluguru wala Mkaguru. Ilijengwa ili ivute mazao hadi pwani na kutoka pwani hadi Ulaya.

Mwaka 1970 mtaalamu wa jiografia, Peter Gould, alichapisha uchunguzi juu ya Tanzania kuanzia mwaka 1920 hadi 1963. Alichukua alama za maisha ya kisasa, mathalani njia za mawasiliano na huduma za jamii, akazigeuza kuwa namba, kisha akazichora katika ramani za vipindi mbalimbali. Kilichoonekana hakikuwa maji yanayosambaa sawasawa katika uwanja tambarare. Vilionekana visiwa: mabadiliko yalikaa katika miji na kandokando ya reli, yakaruka kutoka mji mkubwa hadi mji wa kadiri, na kuviacha vijiji vya katikati gizani kwa miaka mingi. Watafiti watatu waliochapisha kazi yao mwaka 2017 juu ya Kenya wameonyesha jambo la namna hiyo: mahali ilipopita reli ya wakoloni ndipo miji ilipoota, na miji hiyo ikaendelea kuwa mikubwa hata baada ya reli yenyewe kudhoofika. Kwa hiyo njia inayojengwa leo tusiidhanie kuwa ni jambo la miaka mitano. Tunaamua miji ya wajukuu wetu itakaa wapi.

Hesabu ya mvuto

Sasa nije kwenye hesabu zenyewe. Kielelezo cha kihisabati ni nini? Ni picha ya mambo ya dunia iliyochorwa kwa namba badala ya rangi. Kama ilivyo picha yoyote, huacha mengi nje ili machache yaonekane vizuri.

Kielelezo cha kwanza, nacho ni chepesi, kinafuata kanuni ya mvuto. Mwaka 1931 Mmarekani William Reilly alisema kwamba miji miwili huwavuta wanunuzi walio katikati yake kwa nguvu inayolingana na idadi ya watu wake, na kwamba nguvu hiyo hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Maana yake, ukienda mbali mara mbili, nguvu ya mji hupungua mara nne. Kwa kanuni hiyo mtu anaweza kutafuta mahali ambapo nguvu za miji miwili zinalingana, yaani mpaka usioonekana kati ya himaya ya soko moja na himaya ya soko la pili.

Nimeifanya hesabu hiyo kwa miji yetu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 315,866 katika Manispaa ya Morogoro, 410,956 Dodoma mjini, na kiasi cha milioni 4.4 Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 471,409 Morogoro, 765,179 Dodoma, na kiasi cha milioni 5.4 Dar es Salaam. Kwa barabara, tuko kiasi cha kilometa 195 kutoka Dar es Salaam na kiasi cha kilometa 260 kutoka Dodoma.

Kwa upande wa Dar es Salaam, mpaka wetu mwaka 2012 ulikuwa kiasi cha kilometa 41 kutoka hapa. Mwaka 2022 ulikuwa umesogea hadi kilometa 44 na nusu, baada ya kupita Mikese lakini kabla hujafika Chalinze. Tumesukuma kilometa tatu hivi kuelekea pwani, kwa sababu kwa hesabu ya asilimia tulikua upesi kuliko Dar es Salaam. Kwa upande wa Dodoma mambo ni kinyume. Mwaka 2012 mpaka ulikuwa kilometa 121. Mwaka 2022 ulikuwa kilometa 114. Makao makuu yametusukuma kilometa saba. Katika miaka kumi Morogoro iliongezeka kwa karibu nusu, nayo Dodoma ikaongezeka kwa zaidi ya asilimia 80.

Hapa ndugu zangu mnaona kazi ya uamuzi wa kisiasa. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Kwa zaidi ya miaka arobaini uamuzi huo ulitekelezwa polepole. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia huko kwa vitendo, na mwaka 2018 jambo hilo likawekwa katika sheria. Mpaka wa kilometa saba haukusogezwa na mwenye duka. Ulisogezwa na uamuzi wa wananchi kupitia Chama chao. Kanuni ya mvuto si amri ya Mungu: ukibadilisha namba zinazoingia, jibu nalo hubadilika.

Kueneza na kufyonza

Lakini kanuni ya mvuto ina kasoro kubwa. Inatuambia nguvu iko wapi, haituambii inafanya nini. Mji mkubwa unaweza kuulisha mji mdogo, na unaweza kuula.

Mwaka 1957 mwanauchumi wa Sweden, Gunnar Myrdal, alitenganisha mambo haya mawili. Lipo tendo la kueneza: mji mkubwa ukitajirika hununua nyanya, mbao na samani kutoka kwa jirani zake, na ujuzi wake huwafikia. Lipo pia tendo la kufyonza: mji mkubwa huvuta vijana wenye nguvu, akiba za benki na mafundi hodari, na kumwachia jirani wazee na watoto. Yote mawili hupita katika barabara ile ile na kwa wakati mmoja. Kazi ya hesabu ni kupima lipi linazidi.

Mwaka 1991 Mmarekani Paul Krugman aliliweka jambo hili katika milinganyo, na mwaka 2008 akapata Tuzo ya Nobel. Maana ya milinganyo hiyo naweza kuieleza kwa mfano wa fundi wa viatu hapa mjini. Gharama ya usafiri ni ukuta. Ukuta huo humzuia fundi asiuze Kariakoo, lakini pia humkinga na bidhaa za Kariakoo. Ukiuondoa, viwanda na biashara zinaweza kukimbilia pale palipo na soko kubwa na kuuhudumia mji mdogo kutoka huko. Haya si maneno ya darasani tu. Uchunguzi wa Benjamin Faber uliochapishwa mwaka 2014 juu ya barabara kuu za China ulionyesha kwamba wilaya za pembezoni zilizounganishwa na mtandao huo zilikua polepole kuliko wilaya za namna hiyo ambazo hazikuunganishwa, na viwanda ndivyo vilivyoumia zaidi.

Je, basi tuilaani reli? La hasha. Mwaka 2016 Adam Storeygard alichunguza nchi 15 za Afrika ambazo mji wake mkubwa ni bandari, akitumia picha za setilaiti za taa za usiku kupima uchumi wa miji. Aliona kwamba bei ya mafuta ilipopanda kama ilivyopanda kati ya mwaka 2002 na 2008, miji iliyo karibu na bandari ilipata kipato zaidi kwa asilimia 7 kuliko miji ya aina hiyo hiyo iliyo kilometa 500 mbele zaidi. Umbali unaumiza, na gharama ya usafiri inaumiza. Aliye karibu na bandari kama sisi ana nafasi ambayo ndugu zetu wa Tabora na Kigoma hawana. Nafasi hiyo tunaitumiaje?

Shilingi mia moja

Nichukue kielelezo cha mwisho, ambacho hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kukipiga. Namba zake ni za mfano tu.

Tuseme mfanyabiashara wa Dar es Salaam ananunua kabichi za Mgeta, na shilingi 100 zinaingia Morogoro. Mkulima anapokea, ananunua sabuni, mafuta ya kupikia, kitambaa na mbolea. Kama vitu hivyo vimetoka Dar es Salaam, tuseme shilingi 70 zinarudi zilikotoka na 30 zinabaki hapa. Katika hizo 30, tena asilimia 70 zinaondoka na 9 zinabaki, kisha 2 na senti 70, na kuendelea. Ukijumlisha mizunguko yote, shilingi 100 zimefanya kazi ya shilingi 143 hapa kwetu. Sasa tuseme sabuni, mafuta na samani vinatengenezwa Kihonda, ili zinazoondoka katika kila mzunguko ziwe 50 badala ya 70. Jumla yake inakuwa shilingi 200. Hatukumwomba mtu wa Dar es Salaam anunue hata kabichi moja zaidi. Tumeziba tundu la shilingi 20 na tumepata shilingi 57.

Hili ndilo jambo ambalo wazee wetu walilitambua walipoandika Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, 1969 hadi 1974, wakaichagua Morogoro kuwa mmoja wa miji tisa itakayovuta maendeleo badala ya kuiachia Dar es Salaam peke yake. Fikra hiyo ilitokana na mafundisho ya Mfaransa François Perroux: weka viwanda katika mji, navyo vitaamsha uchumi unaouzunguka. Ndipo vilipojengwa viwanda vya turubai, ngozi, viatu na vinginevyo.

Lakini tuwe wakweli. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia katika miaka ya 1970, kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hizo ziuzwe Ulaya. Hakikuwahi kufikia zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilisimama. Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za alumini bila mfumo wa kuingiza hewa, katika nchi ya jua kama hii. Kosa halikuwa kutaka kiwanda. Kosa lilikuwa kwamba hesabu ilifanywa kwa kuitazama Ulaya, wala haikuanza kwa mfugaji mwenye ngozi, fundi mwenye ujuzi na mnunuzi mwenye miguu iliyo pekupeku hapa hapa. Kiwanda kisichokuwa na kamba za kukifunga na jirani zake ni kisiwa kingine katika ramani ya Gould.

Nani amehesabiwa?

Ndugu Mwenyekiti, milima ya Uluguru inatufundisha somo lingine. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi mlimani. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa safi: udongo utahifadhiwa, mito haitachafuka. Lakini jasho la mkulima halikuingizwa katika hesabu. Mwaka 1955 Waluguru waliipinga amri hiyo kwa nguvu, na mpango ukafa. Linganisha na mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, walioletwa Mgeta katika miaka ya 1980 kwa kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mkulima aliona kwa jirani yake, akaonja maziwa, naye akataka. Mwaka 1953 Msweden Torsten Hägerstrand alionyesha kwa hesabu za bahati nasibu kwamba hivyo ndivyo jambo jipya linavyosambaa: kwa mtu kukutana na mtu, na uwezekano wa kukutana hupungua kadiri umbali unavyozidi.

Na milima hiyo hiyo ina deni linalodaiwa. Mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kubwa la maji ya Dar es Salaam, unapata maji yake kutoka Uluguru. Viwanda vya Dar es Salaam, hoteli zake na nyumba zake vinakunywa mlima huu. Mkulima wa Kinole au Matombo anayeacha kukata mti ili chemchemi isikauke anachangia uchumi wa jiji, lakini mchango wake hauandikwi katika kitabu chochote cha mapato. Katika lugha ya Myrdal, huko ni kufyonza. Kielelezo chochote cha uchumi wa Dar es Salaam na Morogoro kisicho na mstari wa maji ni kielelezo cha uongo.

Msamvu pia imelipa kwa damu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka hapa, likalipuka, na ndugu zetu zaidi ya 100 wakafa, wengi wao vijana waliokwenda kuchota mafuta yaliyomwagika. Sitaki kulitumia jambo hilo kupambia hotuba. Nasema tu kwamba pale utajiri unapopita kila dakika mbele ya kijana asiye na kazi, matone yanayomwagika huonekana kuwa ndiyo fungu lake. Hilo ndilo tunalolipigania: fungu la Morogoro lisiwe matone.

Tufanye nini

Napendekeza mambo manne.

Kwanza, tuhesabu wenyewe. Vyuo vyetu, Sokoine na Mzumbe, viko hapa mlangoni. Vijana wao wakae Msamvu, katika Soko Kuu la Chifu Kingalu na kwenye stesheni ya treni, waandike mwaka mzima: kimeingia nini, kimetoka nini, kwa bei gani, na kimekwenda wapi. Hakuna kielelezo kinachoweza kuwa bora kuliko takwimu zake.

Pili, barabara za mlimani zije kabla ya sherehe za mjini. Treni inayokwenda kilometa 160 kwa saa haimsaidii mkulima wa Nyandira ambaye mzigo wake unakwama kwenye tope wakati wa masika. Kwake yeye Dar es Salaam haijasogea hata hatua moja.

Tatu, tuzibe matundu. Halmashauri na vyama vya ushirika vichague bidhaa chache ambazo mali ghafi yake iko hapa, mathalani matunda, viungo, mbogamboga na ngozi, na kuhakikisha kwamba hatua ya kwanza ya usindikaji inafanyika Morogoro. Tusirudie kuanza na kiwanda cha jozi milioni 4. Tuanze na kile ambacho fundi wetu anakijua na jirani yetu anakinunua.

Nne, sehemu ya malipo ya maji ya mjini irudi mlimani kwa njia inayoeleweka na kukaguliwa, iwafikie wale wanaoyalinda maji hayo.

Ndugu wananchi, nilipoanza nilisema kwamba wapo wanaodai treni imeuokoa mji huu na wapo wanaodai imeuua. Hesabu haiungi mkono upande wowote. Inasema kwamba kueneza na kufyonza vyote vitakuja katika behewa moja, na kwamba tofauti itatokana na kile tulichokiandaa stesheni itakapofunguliwa milango. Mpaka wetu na Dodoma umesogea kilometa saba katika miaka kumi. Sensa ijayo nayo itatupa namba zake. Ningependa siku hiyo nirudi hapa Msamvu, tuzipige hesabu hizi upya pamoja, na kila mmoja wetu aweze kusema ni kilometa ipi aliyosaidia kuisukuma.